Zimamoto ya Philadelphia: mengi mnayoambiwa sio kweli

Eti Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani wa karne ya 18, ndo mtu wa kwanza kuleta zimamoto Marekani. Hii imezagaa kila kona. Sasa jamani, mji wa Boston 1678 walishaleta pampu ya mkono kutoka Uingereza na wakaweka watu wanaolipwa kila wakienda kwenye moto, Franklin mwenyewe kazaliwa hukohuko Boston 1706. Alichofanya kweli ni kuanzisha na wenzake Union Fire Company, Philadelphia, mwezi wa 12 mwaka 1736, kikundi cha kujitolea, mwisho watu 30, tena kimekaa kama kikoba: memba anamwokoa memba. Kila mmoja alitakiwa awe na ndoo zake za ngozi na mifuko. Mifuko ya nini? Ya kubebea vitu vya mwenzio kabla wezi hawajavipitia, maana moto ukiwaka kuna waliokuja kuzima na kuna waliokuja kukwapua.

Na ule usemi wake kwamba kinga kidogo inashinda tiba kubwa, watu wanaubandika kwenye mambo ya afya. Aliuandika 1735 kwenye gazeti lake akiongelea moto! Alikuwa anawaonya watu wanaobeba makaa kwenye koleo wazi toka chumba hiki hadi kile, wanapanda nayo ngazi, cheche zinadondoka usiku wanalala.

Nyingine naipenda kwa sababu inasimuliwa vizuri kweli: kwamba nyumba isiyo na kibao ukutani cha kuonyesha imekatiwa bima zimamoto walikuwa wanaiangalia tu inaungua. Kampuni za bima London zilikuwa na vikosi vyao, sawa, lakini Philadelphia waliozima walikuwa hawa wa kujitolea na bima ilikuwa kitu kingine, ile kampuni ya bima ya Contributionship ya 1752 yenye nembo ya mikono iliyoshikana. Na we fikiria, mji umebanana vile, ukiiacha ya jirani iungue si inakuja kwako? Walichokataa bima ni miti, waligoma kukatia bima nyumba zenye miti mbele, wenye miti wakanuna wakaanzisha kampuni ya bima ya kwao 1784, nembo yake mti.

Halafu ile picha ya zimamoto wa enzi hizo wameshika mipira ya maji, hapana. Miaka mingi pampu ilijazwa kwa ndoo, watu wanapanga mstari wanapokezana. Mipira ilishika kasi baada ya mji kupata maji ya bomba 1801, na karibu 1807 wakaanza kuitengeneza ya ngozi iliyoungwa kwa riveti, yaani misumari ya chuma.

Na sio kwamba hawa wa kujitolea walikuwa malaika. Kufika miaka ya 1840 kampuni zilikuwa zinapigana zenyewe kwa zenyewe barabarani, zingine zina magenge nyuma yake, na Weusi walipojaribu kuanzisha kampuni ya zimamoto ya kwao 1818, kampuni za Wazungu zikaipinga mpaka ikafa. Mji wa Cincinnati walishaona fujo za aina hii, 1853 wakaanza kikosi cha kulipwa chenye mashine ya mvuke, ambayo haihitaji lile kundi zima la wanaume wa kupampu kwa mikono. Philadelphia wao walikuja kuanza cha kulipwa Machi 1871.