Je, wajua? Kwa nini mti wa Krismasi wa Jony Ive uliwachekesha watu

Jony Ive unamjua hata kama jina lake hulijui. Ndiye Mwingereza aliyeongoza timu ya disaini pale Apple kwa miaka mingi, ile kompyuta ya iMac ya buluu ya 1998, iPod ya 2001, iPhone ya 2007, zote zimepita mikononi mwake. Na kazi yake kubwa ilikuwa kutoa vitu, yaani toa vitufe, toa betri ya kuchomoa, toa waya, bakiza kioo na chuma. Sasa mwaka 2016 hoteli moja London ikampa kazi ya mti wa Krismasi, yeye na rafiki yake Marc Newson, disaina kutoka Australia, na hao wawili wakafanya kile walichozoea. Wakatoa mapambo yote, halafu hata mti wenyewe, ule wa kusimama katikati na nyota juu, nao ukawa haupo.

Watu mtandaoni wakauliza, mti uko wapi sasa?

Hoteli yenyewe ni Claridge's, iko Mayfair, mtaa wa wenye nazo. Wana kawaida kila mwisho wa mwaka wanamkabidhi disaina mwenye jina mti wa Krismasi wa eneo la mapokezi aufanye anavyotaka. John Galliano, disaina wa mavazi, alishapita hapo enzi zake za kampuni ya mitindo ya Dior, Dolce & Gabbana nao walipita, na 2015 ilikuwa zamu ya Burberry, wao wakatengeneza mti wa miavuli inayong'aa dhahabu na fedha. Watu wengi wanaingia pale kupiga picha tu, hela ya kulala hawana na wala hawajali. Kwa hiyo mti ule umeshakuwa kama mali ya umma, kila mtu anajiona ana haki ya kuutolea maoni.

Walichoweka Ive na Newson ni kipande cha msitu wa baridi. Unaingia unakutana na masanduku ya mwanga ya urefu wa mita nne hivi, juu yake kuna picha nyeusi na nyeupe za miti ya betula, ile ya Ulaya yenye gome jeupe jeupe. Katikati ya hayo kuna miti mingine ya kumiminwa kwenye kalibu, na misonobari halisi ya kijani. Halafu peke yake kabisa, umeangaziwa taa kutoka juu, kuna mche mmoja mdogo wa msonobari. Mdogo kweli. Wenyewe wakaeleza kwamba walianzia kwenye asili, na ule mche ni ishara ya siku zijazo. Hakuna mpira wa kung'aa, hakuna utepe, hakuna hata taa moja ya kuwakawaka.

Sasa kwa nini utani ukawa mwingi vile? Nadhani nusu ya jibu ni tarehe. Septemba 7 mwaka huohuo Apple walikuwa wametangaza iPhone 7, simu yao ya kwanza isiyo na tundu la hedifoni, na bosi wao wa masoko Phil Schiller akapanda jukwaani akasema sababu ya kuliondoa ni ujasiri. Ujasiri! Watu wana hedifoni zao nzuri wamezinunua kwa hela, wanaambiwa ni ujasiri. Oktoba ikaja laptop mpya ya MacBook Pro, matundu yote ni ya USB-C, ile aina mpya ndogo, kasoro la hedifoni, pa kuchomeka kadi ya kamera hamna, ile chaja ya sumaku iliyookoa laptop nyingi zisianguke nayo hamna, ukitaka kuchomeka flashi yako ya kawaida kanunue adapta. Kisha katikati ya Novemba kampuni ikatoa kitabu cha picha za bidhaa zake yenyewe, kidogo dola 199, kikubwa dola 299. Hapo watu wamejaa mpaka hapa, na baada ya siku chache tu ndo picha za mti zikatoka.

Kwa hiyo hata huo mti wangeupamba vipi, masihara yalikuwa yameshaandaliwa. Tundu la hedifoni likaingizwa humo, bei ikaingizwa, neno ujasiri likarudi tena kwa kishindo. Mimi ningeongezea adapta ya kutundikia pambo, inauzwa kando. Kwa haki lakini, ile haikuwa bidhaa ya Apple, ilikuwa kazi ya Ive na Newson kwa hoteli, ila nani atakaa kutenganisha hayo wakati anacheka.

Nusu nyingine ya jibu ndiyo inayonivutia zaidi. Simu ina kazi ya kufanya, kwa hiyo ukiipunguzia makorokoro mara nyingi inakuwa bora, na Ive hajawahi kuficha kwamba anamkubali sana Dieter Rams, yule disaina Mjerumani wa Braun, kampuni ya vifaa vya umeme vya nyumbani, aliyekuwa akihubiri vitu vichache lakini bora. Ila mti wa Krismasi kazi yake ni nini? Ni kupambwa, basi. Haupigi simu, haupiki, kitu pekee unachofanya ni kubeba mapambo, sasa ukiyatoa umetoa kazi yenyewe. Ni kama umtoe bibi harusi wa pwani bila hina wala kidani halafu uwaambie wageni eti hii ndiyo disaini safi. Kwetu huku mtu anakata tawi la mvinje, analichomeka kwenye ndoo ya mchanga, anabandika vipande vya pamba viwe theluji ambayo hajawahi kuiona, na watoto wanafurahi, kwa sababu kile kinachohitajika kipo.

Na si Ive peke yake yaliyomkuta. Mwaka 2012 jiji la Brussels, Ubelgiji, liliweka pale uwanja wa Grand Place mnara wa maboksi ya taa, kama mita 25 kwenda juu, badala ya mti wa kawaida. Pale hata kucheka watu hawakucheka, walikasirika kabisa, zaidi ya watu 20,000 wakasaini kupinga, na siasa ikaingia, wengine wakadai jiji limeficha Krismasi ili lisiwaudhi Waislamu, jambo ambalo jiji lilikataa. Mwaka uliofuata mti halisi ukarudi. Ya London ilikuwa nyepesi zaidi kwa sababu ni hoteli binafsi, hakuna kodi ya mtu iliyoliwa.

Wapo waliousifu pia, tena si wachache, hasa watu wa disaini, walisema panatuliza ukitoka kwenye kelele za maduka ya Desemba. Binafsi nikitazama zile picha naona ni pazuri, ila pazuri pa Januari.

Mwaka uliofuata, 2017, hoteli ikampa zamu Karl Lagerfeld, disaina wa mavazi, naye akautundika mti kichwa chini, mizizi juu. Watu wakasema tena, lakini safari hii mti ulikuwepo na mapambo yake.