Kwa nini vishikwambi vya darasa la kwanza vilitanguliwa na nguzo za stima?

Katika vijiji vingi vya Kenya, nguzo za stima zilifika shuleni kabla hazijafika nyumbani kwa mtu yeyote. Zilipita kando ya mashamba ya mahindi, zikaruka boma moja baada ya jingine, zikaishia kwenye ukuta wa darasa. Ilikuwa haki ya mwanakijiji kuuliza: shule, ambayo mchana ina mwanga wa jua na usiku haina mtu ila bawabu, inapewa stima ya nini kabla yangu?

Jibu lake ni kipakatalishi, yaani kompyuta ya kupakata (laptop).

Katika kampeni za uchaguzi wa Machi 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa kipakatalishi chake. Uhuru Kenyatta alishinda, na ahadi ni deni. Lakini deni hili lilikuwa na mkia. Kipakatalishi kinahitaji chaja, chaja inahitaji soketi, soketi inahitaji waya, na maelfu ya shule za msingi hazikuwa na hata balbu. Kwa hiyo kabla mtoto yeyote hajagusa kioo, mafundi wa mamlaka ya usambazaji wa umeme mashambani walitumwa kuchimba mashimo ya nguzo. Kati ya 2013 na 2016 shule zilizokuwa gizani ziliunganishwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana nchini. Zile za mbali, hasa kule Turkana, Marsabit na Wajir ambako gridi haifiki, zilifungiwa paneli za sola.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Transfoma ikishasimikwa karibu na shule, nyumba za jirani zinakuwa hatua chache tu kutoka kwenye umeme. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kuunganisha nyumba zote zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kwa hiyo kuna mama anayewasha taa jikoni leo kwa sababu miaka ile mtu fulani aliahidi kompyuta kwa watoto wa miaka sita. Ukipima mradi huu kwa vishikwambi peke yake, mama huyo unamsahau.

Vifaa vyenyewe vilichelewa. Zabuni ya kwanza, iliyokuwa ya zaidi ya shilingi bilioni 24, ilifutwa mwaka 2014 baada ya mvutano kuhusu jinsi ilivyotolewa. Mpango uliporudi ulikuwa umebadilika sura: mtoto angepata kishikwambi (tableti, kompyuta bapa ya kugusa kioo) badala ya kipakatalishi, na kazi ya kuviunda ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya kigeni. Mwaka 2016 majaribio yalifanywa katika shule 150, kisha usambazaji ukaenea kaunti zote 47. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa shuleni.

Kila shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi wa madarasa ya chini, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta moja, seva na ruta. Hiyo seva ndiyo iliyokuwa sehemu yenye akili kuliko zote, na ndiyo iliyozungumziwa kidogo kuliko zote. Ni kisanduku kinachohifadhi masomo yaliyotayarishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, na ruta huyasambaza hewani mpaka kwenye vishikwambi vilivyomo darasani. Mwalimu hahitaji bando wala intaneti. Shule iliyo kilomita 80 kutoka mnara wa simu ingeweza kufundisha sawa na ya Nairobi. Waliobuni hivyo waliijua nchi yao.

Basi kama umeme ulifika, vifaa vikafika na masomo yakawa yamo ndani, kwa nini katika shule nyingi vishikwambi viliishia kukaa kabatini?

Njoo tuingie darasani. Tuseme ni darasa la kwanza lenye watoto 60, na kipindi ni dakika 30. Kengele inalia. Mwalimu anatuma watoto wawili kwa mwalimu mkuu kuomba ufunguo, kwa sababu chumba cha vishikwambi kina mlango wa chuma, nyavu za vyuma dirishani na kufuli mbili. Masanduku yanabebwa. Vinagawiwa, kimoja kwa watoto wawili, na kila namba inaandikwa kwenye daftari. Kuna vitatu ambavyo havikupata chaji usiku, kwa hiyo watoto sita wanahamishwa. Mmoja ameshabonyeza asipotakiwa kubonyeza na kioo kimegeuka lugha asiyoijua hata mwalimu. Watoto wa miaka sita hawajui maana ya "subiri". Mwalimu anapofika mahali pa kusema "sasa fungueni somo la herufi", dakika 15 zimekwenda. Lazima abakize tano za kuvikusanya na kuvihesabu kimoja kimoja, maana kikipungua hata kimoja yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Hapo mtoto amebakiwa na dakika kumi za kusoma, na kwa chaki mwalimu huyohuyo angepata karibu 30.

Hesabu hiyo ndiyo ilivirudisha vishikwambi kabatini. Nimesikia walimu wakiitwa wavivu na waoga wa teknolojia, na inaniuma, kwa sababu mwalimu huyohuyo ana simu mfukoni anayoitumia kulipa ada, kuchangia chama cha akiba na kutuma matokeo kwa wazazi. Teknolojia haimtishi. Anachokosa ni dakika.

Kuna na hesabu ya chaji. Chaja ya kishikwambi hula takribani wati kumi. Weka 30 kwa mpigo unapata wati 300, na mtambo mdogo wa sola uliofungwa kwa ajili ya balbu chache na simu hauwezi kubeba mzigo huo mpaka asubuhi. Hata penye gridi kuna bili, na serikali humpa mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, ambazo ndizo hizo za chaki, vitabu, matengenezo na stima. Mwalimu mkuu anayefunga chumba cha vishikwambi ili bili isipande hajakosea hesabu yake.

Lakini kwa maoni yangu kizito kuliko vyote kilikuwa swali la mwenye mali. Kishikwambi kilikuwa mali ya shule. Mwalimu mkuu alitia sahihi kuvipokea, na wezi walipoanza kuvunja vyumba usiku, yeye na bawabu ndio waliotakiwa kutoa maelezo. Ukimkabidhi mtu mali ambayo ikitumika inaweza kumponza na isipotumika haimdhuru, ataificha. Mimi pia ningeificha.

Uruguay walilijibu swali hilo tofauti. Mwaka 2007, chini ya Rais Tabaré Vázquez, nchi hiyo ndogo ya Amerika Kusini ilianzisha mpango uitwao Ceibal, ikaanzia mji mdogo wa Villa Cardal, na kufikia 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alikuwa na kipakatalishi chake. Chake kweli: alikibeba mgongoni, akalala nacho nyumbani, dada na mama wakakitumia. Vingi viliharibika, na hilo halikushangaza mtu anayejua watoto. Ikabidi mpango ujenge kikosi cha mafundi, wengine wakizunguka na magari kutengeneza vifaa vijijini. Tena walipokosa walimu wa kutosha wa Kiingereza, kuanzia 2012 walileta mwalimu kwa njia ya video kutoka mji mwingine au hata nchi nyingine, huku mwalimu wa darasa, asiyeijua lugha hiyo vizuri, akibaki palepale kuendesha somo na kujifunza pamoja na wanafunzi wake.

Si haki kuzilinganisha nchi hizi bila kusema kwamba Uruguay ina watu milioni tatu na nusu hivi, na karibu kila nyumba ilikuwa na umeme kabla mpango haujaanza. Wao hawakuwa na nguzo za kusimika. Lakini Machi 2020 ilipofika na shule zikafungwa kwa sababu ya korona, tofauti ilikuwa dhahiri. Mtoto wa Montevideo alikuwa na kifaa mezani. Mtoto wa Kenya alisikiliza masomo ya KICD redioni kama nyumba yao ina redio, na vishikwambi vilivyonunuliwa kwa ajili yake vilikaa nyuma ya kufuli mbili, mwendo wa dakika 20 kutoka alipokuwa, hadi shule zote zilipofunguliwa Januari 2021.

Kenya ilikuwa imeanza kubadilisha njia kabla ya hapo. Mwaka 2019 serikali ilisema awamu ya pili itaelekea kwenye maabara za tarakilishi, yaani chumba kimoja ambacho vifaa havihami, watoto ndio huvifuata. Maabara inaokoa zile dakika 15 za kubeba na kugawa, ingawa shule yenye madarasa mengi na chumba kimoja lazima ipange foleni. Tanzania nayo ilianzia upande wa pili: baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilikabidhiwa sekta ya elimu na kugawiwa walimu. Mimi naona busara katika kuanza na mwalimu. Akiwa nacho wiki nzima, akakizoea akiandaa somo usiku kwake, siku ya kukipeleka darasani hatahitaji kutuma mtu kuomba ufunguo.

Kama una mtoto katika shule iliyopata vifaa hivi, kuna kitu kimoja unachoweza kukiangalia wewe mwenyewe siku ya mkutano wa wazazi. Omba kwa heshima uonyeshwe daftari la chumba cha vishikwambi, lile linaloandikwa kila vinapotoka na kila vinaporudi. Angalia tarehe ya mwisho. Kisha muulize mwalimu wa darasa la mtoto wako angehitaji nini ili tarehe hiyo iwe ya wiki hii, na umpe nafasi ajibu mpaka amalize.