Je, wajua kwa nini utafiti wa afya huanza na mkutano wa kijiji?

Wakazi wa Mbeya wamezoea watafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake jijini, na watu wa mkoa huu wameshiriki majaribio ya chanjo za Ukimwi, tafiti za kifua kikuu na, kule Kyela, za matende na mabusha. Hata hivyo, kabla ya mtu yeyote kuchomwa sindano, watafiti huomba mkutano wa kijiji. Kwa nini wasiende moja kwa moja nyumbani kwa watu, ilhali kibali wanacho?

Kwa sababu kibali hakijibu swali ambalo huulizwa karibu kila mara: damu yetu inakwenda wapi?

Tangu enzi za ukoloni, watu wa Afrika Mashariki wamesimuliana habari za mumiani, wanyonya damu wanaoiuza. Wapo wanaosema huo ni ujinga wa wanakijiji. Mimi sikubali. Mtu akitolewa damu, ikatiwa kwenye boksi la barafu, gari likaondoka na asisikie tena neno, ana haki ya kuuliza. Na historia inamuunga mkono: huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana.

Kwa hiyo jibu lazima litolewe hadharani, na vifaa viwe mezani. Muuguzi mzoefu huinua vile vichupa watu wavione. Chenye kizibo cha zambarau kina dawa inayozuia damu isigande, ili chembe zake zihesabike. Chenye kizibo chekundu huachwa damu igande, kisha maabara ichukue majimaji yanayobaki juu, ambamo hutafutwa kingamwili. Ndiyo maana vichupa huwa viwili au zaidi, hakuna kinachofichwa. Halafu anapima maji kwa kijiko cha chai: kijiko kimoja ni mililita 5. Vichupa viwili vya mililita 5 ni vijiko viwili tu, wakati mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na anayechangia damu hospitalini hutoa kama mililita 450. Ukishayaona hayo kwa macho yako, mazungumzo hubadilika. Watu huanza kuuliza maswali magumu zaidi: sampuli zitatunzwa muda gani? Zitapelekwa nje ya nchi? (Zikipelekwa, lazima uwepo mkataba ulioidhinishwa.)

Mkutano hauhitimishi kazi. Tafiti nyingi huunda kamati ya ushauri ya jamii, yenye watu kama mchungaji, mwalimu, mama wa kikundi cha vikoba na kijana wa bodaboda. Hao ndio hurudisha minong'ono ya mtaani kwa watafiti kabla haijawa moto. Ndio pia wanaomwambia mtafiti kwamba siku ya gulio au ya msiba asitegemee kumpata mtu, jambo dogo linaloonyesha kama anawaheshimu wenyeji.

Tena, mwenyekiti wa kijiji akikubali, hajakubali kwa niaba yako. Kila mtu mzima husomewa fomu ya ridhaa peke yake, kwa lugha anayoielewa; asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Anaweza kukataa, au kujitoa katikati, na huduma yake ya kawaida zahanati isiguswe.

Panapolegalega zaidi, kwa maoni yangu, ni mwishoni. Matokeo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya kitaalamu, na kijiji hakisikii kitu. Mtafiti mwingine akija baadaye, hukuta mashaka ambayo hakuyapanda yeye. Hivyo wakija kwenu, waulizeni mapema, mbele ya mkutano: mtarudi lini kutueleza mlichokiona? Na jibu lao liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, lenye mwezi na mwaka.