Kanisa la mitumba la Great Witley: yanayosemwa na yaliyo kweli

Magharibi mwa Uingereza, katika mkoa wa Worcestershire, kuna gofu la jumba kubwa liitwalo Witley Court. Halina paa wala sakafu, na madirisha yake yamebaki matundu ya kupitisha upepo. Ubavuni pake, karibu kugusana nalo, limesimama kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Ukilitazama kwa nje ni kanisa la mawe lililotulia tu, na kimnara chenye kuba. Ukiingia ndani unakutana na dari jeupe lililofurika nakshi za dhahabu, picha za malaika mawinguni na madirisha yanayowaka rangi. Mtu aliyezoea makanisa ya vijijini Uingereza, yenye kuta kavu na harufu ya unyevu, hujiuliza kama amekosea mlango. Mshangao huo ndio uliozaa mengi yanayosemwa juu ya kanisa hili, na mengine si kweli.

"Lilikuwa kanisa binafsi la tajiri."

Hapana. Hapa watu huchanganya vitu viwili. Majumba mengi ya makabaila wa Kiingereza yalikuwa na kikanisa cha ndani, cha familia na watumishi wao. Kanisa hili ni la parokia ya kijiji cha Great Witley, la wanakijiji wote, lililochukua nafasi ya kanisa kuukuu la zama za kati lililobomolewa. Thomas Foley, Lord Foley wa kwanza, ndiye aliyeanzisha ujenzi, lakini alifariki mwaka 1733 kabla kazi haijaisha. Mjane wake, Mary, aliikamilisha, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1735.

Hata hivyo tusijifanye kwamba kanisa la parokia lilikuwa la watu wote sawasawa. Mara nyingi mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na haki ya kupendekeza kasisi, na kazi ya askofu ilikuwa kumpokea na kumsimika. Familia ya jumbani ilikuwa na sehemu yake ya kukaa, na katika baadhi ya makanisa ya namna hii sehemu hiyo ilijengewa mahali pa kuotea moto. Januari, kasisi akiwa katikati ya mahubiri marefu, bwana anaota moto na wakulima wake wanapuliza viganja. Wote waumini, naam.

"Mapambo yote yalitengenezwa kwa ajili ya kanisa hili."

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ukweli wake una utamu wa pekee: sehemu kubwa ya fahari ya Great Witley ni mitumba.

Ilikuwa hivi. Karibu na Edgware, nje ya London ya wakati ule, James Brydges, Duke wa kwanza wa Chandos, alijijengea jumba lililoitwa Cannons. Utajiri wake aliupata akiwa mlipaji mkuu wa majeshi ya Uingereza wakati wa vita na Ufaransa, kazi ambayo fedha za askari zilipita mikononi mwake, na si zote zilipita haraka. Kikanisa cha jumba hilo kilipambwa na mafundi kutoka Italia na Uswisi. Kisha ikaja mwaka 1720, hisa za Kampuni ya South Sea zikaporomoka, na Duke akapata hasara kubwa. Alipofariki mwaka 1744, mwanawe alirithi jumba pamoja na madeni. Mwaka 1747 Cannons ikapigwa mnada, ikauzwa kipande kipande kama meli iliyokwama mwambani. Sanamu ya Mfalme George wa Kwanza juu ya farasi ikaishia Leicester Square, uwanja ulioko London. Kiwanja alikinunua fundi wa samani, William Hallett, akajenga nyumba yake pale pale lilipokuwa jumba la Duke.

Lord Foley wa pili alikwenda mnadani na kununua vitu vya kile kikanisa. Jina la Foley lilitokana na chuma. Mababu zake walikuwa wafua chuma na wauza misumari. Kanisa alilorithi lilikuwa jipya, ila kwa ndani lilikuwa halina makuu. Akalivisha nguo za mwingine, na zikalienea.

"Dari limechorwa papo hapo, fundi akiwa amelala chali juu ya jukwaa."

Kama lingechorwa hivyo, tusingekuwa na la kuzungumza. Picha iliyochorwa kwenye lipu mbichi kwa kawaida hufa na dari lake. Antonio Bellucci, mchoraji wa Kiitalia, alichora kwa rangi za mafuta juu ya turubai, kisha turubai hizo zikapachikwa kwenye dari la Cannons. Ndiyo maana ziliweza kubanduliwa, kusafirishwa na kupachikwa tena Worcestershire. Zile tatu kubwa zinaonyesha Kuzaliwa kwa Yesu, Kushushwa Msalabani na Kupaa Mbinguni, na zimezungukwa na picha ndogo 20.

"Nakshi zile ni chokaa iliyopakwa dhahabu."

Dhahabu ni ya kweli, lakini iliyo chini yake si chokaa. Aliyewahi kuona nakshi za chokaa kwenye nyumba za kale za Lamu anajua kwamba kazi ya namna ile ni sehemu ya ukuta. Ukitaka kuihamisha itabidi uhame na ukuta wenyewe. Tatizo hilo hilo liliikuta kazi ya Giovanni Bagutti, fundi wa nakshi za chokaa, pale Cannons. Basi vikachukuliwa vielelezo vya nakshi zake kwa kalibu, na nakshi zikatolewa upya kwa karatasi: karatasi iliyolowekwa na kupondwa ikawa rojo, ikachanganywa na gundi, ikashindiliwa kwenye kalibu, ikakauka. Wataalamu huiita papie-mashe. Ni nyepesi, inapigiliwa kwa urahisi, hailielemei dari, na ikishapakwa rangi nyeupe na kubandikwa jani la dhahabu, jicho lililo chini halina namna ya kujua.

Wapo wanaosikia habari hii wakavunjika moyo, kana kwamba wamedanganywa. Mimi naona kinyume. Chokaa ni kazi ya fundi aliyekuwepo mahali pale siku ile. Karatasi hii ni ujanja wa mtu aliyetaka kuokoa kitu ambacho kingekuwa kifusi.

"Madirisha ni kioo cha rangi cha zamani, vipande vilivyounganishwa kwa madini ya risasi."

Hiyo ni mbinu ya zama za kati: kila kipande kina rangi yake, na mistari ya risasi inachora umbo. Madirisha 10 ya Great Witley yamechorwa juu ya kioo kama mtu anavyochora turubai, kwa rangi zinazochomwa tanuruni zikashikamana nacho. Ni kazi ya Joshua Price, kwa michoro ya Francesco Sleter, kati ya 1719 na 1721. Nayo yalitoka Cannons.

"Handel alikipiga kinanda hiki."

Polepole hapa. Handel, mtunzi maarufu wa muziki, alikuwa kweli akimtumikia Duke wa Chandos mwaka 1717 na 1718, na alimtungia nyimbo za ibada zinazoitwa hadi leo kwa jina la Chandos. Lakini wakati huo kikanisa cha Cannons kilikuwa hakijakamilika. Kilifunguliwa mwaka 1720. Nyimbo zile ziliimbwa katika kanisa la kijiji jirani, Mtakatifu Lawrence, Whitchurch. Kilichofika Great Witley na kinachoonekana leo ni kabati la kinanda cha Cannons, lile umbo la mbao lenye mapambo. Mabomba na mitambo iliyomo ndani ni ya baadaye.

"Kanisa zima ni la karne ya 18."

Si lote. Jumba la Witley Court liliuzwa mwaka 1837 na kuingia mikononi mwa familia ya Ward, matajiri wa makaa ya mawe na chuma. Katika miaka ya 1850 msanifu Samuel Daukes alilivika kanisa mawe ya kutoka mji wa Bath, maana chini yake ni matofali, ili lilingane na jumba. Mabenchi na mimbari ni vya wakati huo pia.

"Kanisa liko karibu na jumba kwa sababu ya uchaji wa wenye jumba."

Mara nyingi kanisa ndilo lililotangulia, na jumba likalifuata. Wengine waliona linaziba mandhari. Croome, katika mkoa huo huo wa Worcestershire, Earl wa Coventry alilibomoa lililokuwa jirani na nyumba yake na kujenga jingine juu ya kilima, ambako lingependeza machoni akiwa dirishani. Lilikamilika mwaka 1763. Makaburi ya fahari ya mababu zake yakahamishiwa humo, jambo linaloonyesha kwamba sanamu ya marehemu kanisani si lazima iwe juu ya mifupa yake. Ayot St Lawrence, mkoani Hertfordshire, Sir Lionel Lyde, mfanyabiashara wa tumbaku, alijengewa na Nicholas Revett kanisa lenye uso wa hekalu la Kigiriki. Uso huo ulipaswa kuelekea nyumbani kwake, kwa hiyo madhabahu ikawekwa magharibi badala ya mashariki, kinyume na desturi.

"Moto uliounguza jumba uliunguza na kanisa."

Moto ulizuka Witley Court Septemba 1937. Jumba halikujengwa tena, na gofu lake sasa liko chini ya uangalizi wa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale. Kanisa halikuungua. Adui wake katika miaka iliyofuata akawa maji ya mvua yanayopenya juu, hadi waumini na wafadhili walipoanza kulikarabati. Bado ni la parokia. Ibada zinaendelea chini ya malaika wa Bellucci, na lile kaburi refu la Lord Foley wa kwanza, lililochongwa na Michael Rysbrack wa Antwerp, liko pale pale, yeye na mkewe na watoto wao katika marumaru. Hilo angalau halikutoka mnadani.