Uchungu Si Ukali wa Kahawa

Barazani Tanga tumezoea kusema kahawa ikiwa nyeusi tii na chungu ndiyo yenye nguvu. Sivyo. Uchungu ule mwingi hutokana na kukaanga buni hadi ikaribie kuungua, kafeini, yaani kile kichangamshi cha kahawa, haiongezeki. Nguvu huamuliwa na kiasi cha unga na aina ya mbuni: robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Usambara au Kilimanjaro.

Arabika ya shamba moja ikiunguzwa huniuma moyo, maana harufu yake yote hupotea. Ikaange iwe ya hudhurungi, isage papo hapo, gramu 15 kwa mililita 250. Maji yakichemka yaepue, subiri nusu dakika, mimina. Baada ya dakika 4, chuja. Kashata iwe pembeni. Sukari usitie kwanza.