Je, wajua kwa nini ni vigumu kukuta makoti mawili yanayofanana Mbeya?

Simama Kabwe saa moja asubuhi mwezi wa Juni, uwaangalie wanaoshuka kwenye daladala. Kijana wa bodaboda kavaa koti la ngozi lenye manyoya shingoni. Mwanafunzi wa chuo katinga koti refu la sufu linalomfika magotini. Mama anayekwenda kufungua genge kajifunga kitenge, na juu yake kavaa jaketi lililoshonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Unaweza kukaa pale saa nzima usione koti likijirudia. Na watu haohao Jumamosi iliyopita walikuwa harusini, ukumbi mzima sare ya kitenge kimoja. Mbona kwenye koti kila mtu yuko kivyake?

Jibu linaanzia kwenye belo la mitumba. Nguo zilizovaliwa Ulaya, Marekani na Kanada hukusanywa na kupelekwa kwenye maghala ya kuchambulia, mengine yakiwa hukohuko, mengine Falme za Kiarabu, mengine Kandla nchini India. Wachambuaji hutenga kwa aina na ubora: makoti huku, mashati kule, nguo za watoto pembeni, gredi ya kwanza mbali na ya pili. Rangi, saizi na umri wa nguo haviwahusu. Kisha mashine hukandamiza, mikanda hufungwa, na belo huwa tayari. Uzito uliozoeleka ni kilo 45. Piga hesabu: shati jepesi lina gramu 200 hivi, kwa hiyo belo la mashati laweza kuwa na vipande zaidi ya 200. Koti zito la sufu hufika kilo moja na nusu, hivyo belo lake litakupa makoti 30 tu, na kila moja limetoka kwenye kabati la mtu mwingine.

Duka la nguo mpya hufanya kinyume chake. Mzigo wa Kariakoo huja kwa dazani, saizi zote, rangi tatu au nne, na wiki inayofuata utaukuta mtaa mzima. Koti la mtumba likishanunuliwa, limekwenda. Muuzaji mwenyewe hakujua kama lilikuwemo, maana belo hununuliwa likiwa limefungwa na yeye husoma maandishi ya nje tu. Ndiyo maana siku ya kufungua belo watu huwahi. Wenye jicho hupointi yale mazuri kabla hayajatundikwa kwenye henga, yanayobaki hushuka kwenye turubai, na mwisho kabisa utasikia sauti ya "buku, buku, chagua mwenyewe!" Mtu anayetaka kuvaa kisichovaliwa na mwenzake hapo ndipo mahali pake, hata kama ana fedha za kwenda dukani.

Lakini belo la makoti mazito lingefunguliwa pwani, nani angelinunua? Hapa ndipo milima inapoingia. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto sita hivi. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600. Kati ya Juni na Agosti jua limehamia kaskazini mwa ikweta, anga huwa wazi usiku, na joto la ardhi hupaa lote. Makete asubuhi utakuta umande umeganda juu ya majani. Kwa hiyo koti lililoshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya husafiri kutoka bandarini zaidi ya kilomita 800, kupitia Mikumi, Iringa na Makambako, hadi likakutana na baridi inayolistahili.

Baridi hiyo imewapa watu wa Nyanda za Juu Kusini kitu ambacho watu wa joto hawana: tabaka. Dar es Salaam mtu ana shati na suruali, basi. Huku kuna shati, sweta, koti, skafu na kofia, na kila kimoja ni uamuzi. Rangi ya skafu unaichagua wewe. Kola unaisimamisha au unailaza wewe. Wazee wa Makete na Njombe waliyajua haya zamani. Mzee mwenye koti lililopigwa pasi na kofia ya pama haendi kanisani bila kukamilika. Vijana wa leo wa Iringa wanaotupia makoti mapana yenye mabega makubwa wanadhani wamegundua jambo jipya, kumbe wamerudi kwenye kabati la babu. Naliona hilo kuwa zuri sana, na kwa maoni yangu mwezi wa Julai hakuna mji wa Tanzania unaovaa kwa ubunifu kuishinda Mbeya.

Sasa, koti la zamani unalitambuaje? Anza na lebo. Iliyoandikwa "Made in West Germany" inakuambia koti lilishonwa kabla ya Oktoba 1990, kwa sababu baada ya hapo Ujerumani Magharibi haikuwepo tena kama nchi. Chekoslovakia iligawanyika Januari 1993, kwa hiyo lebo yenye jina hilo nayo ina umri wake. Ukiona alama ya Woolmark, ile ya mistari inayopishana kama mafundo ya uzi, jua koti si la kabla ya 1964, mwaka alama hiyo ilipoanza kutumika, na kwamba kitambaa kiliwahi kuthibitishwa kuwa ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Sufu inastahili usumbufu huo wote. Nyuzi zake zimejikunja, kwa hiyo hushika hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayokutia joto. Tena huweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake bila kukufanya uhisi umelowa, jambo ambalo mtu wa Tukuyu, na manyunyu yake, atalithamini kuliko mtu yeyote. Kabla ya kulipa, liinue koti kwenye mwanga utazame matundu madogo, maana viwavi vya nondo hupenda sufu. Kagua makwapa, ukingo wa kola, ndani ya mifuko na bitana. Bitana iliyochanika isikukimbize.

Isikukimbize kwa sababu kuna fundi. Kwangu mimi nusu ya uzuri wa koti hutengenezwa kwenye cherehani ya barazani. Fundi atapunguza mabega, atalibana kiunoni, atakata urefu, atabadili vifungo. Akikuwekea bitana ya kitenge ndani ya koti la kijivu la Mjerumani, huwezi kukuta jingine kama hilo popote, wala huko lilikotoka. Mwambie mapema unachotaka na uvae viatu utakavyolivalia siku ya kupima. Urefu wa koti hubadilika machoni kutokana na kisigino.

Kufua ndipo wengi wanapoliua. Uzi wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto na kusugua huyafanya yashikane, kitambaa kinasinyaa na kuwa kigumu, na hakirudi. Tumia maji ya baridi na sabuni laini, likande taratibu, usilikamue kwa kulisokota. Lilaze kivulini juu ya mkeka likauke, kwa sababu ukilianika kwenye kamba uzito wa maji utalivuta mabega.

Biashara hii haikuwepo hivi siku zote. Ilipanuka baada ya bajeti ya 1984 kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, baada ya miaka ya uhaba ambapo hata shati lilikuwa la kutafutwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika, nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikatishiwa kuondolewa, na nchi zikalegeza isipokuwa Rwanda, ambayo 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hoja ya viwanda ni ya haki. Nchi inayolima pamba Shinyanga na Simiyu haipaswi kuisafirisha ghafi. Lakini inahusu zaidi mashati na fulana. Koti la sufu la miaka 40 lililo imara bado linahitaji mgongo wa kulivaa.

Ukitaka kuanza, usiende Juni. Wakati huo kila mtu anatetemeka na bei iko juu. Nenda Oktoba au Novemba, joto limepanda na mvua hazijashika, makoti yamekaa kwenye henga hayaulizwi. Muuzaji atakuwa na muda wa kukuacha uyapime yote, na utalipata la gredi ya kwanza kwa bei ambayo Julai haisemeki.