“Notsi nimeshapandisha, shida iko wapi?” Mambo tunayodanganyana kuhusu kozi za mtandaoni na wanafunzi wenye ulemavu

Dhana: nikishapandisha notsi kwenye Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, kila mtu anazipata.

Hapana, na hii ndo inaumiza wengi kuliko zote. Mhadhiri anaskani kurasa za kitabu, anatengeneza PDF, anapandisha, kamaliza. Kwa jicho ni maandishi lakini kwa kompyuta ile ni picha tu, mwanafunzi asiyeona akiifungua na programu yake ya kusoma skrini hasikii kitu cha maana. Kupima ni rahisi sana, jaribu kuteua neno moja kwa mausi, likigoma ujue umepandisha picha. Weka faili ulilochapa mwenyewe, au ipitishe skani kwenye programu ya kutambua maandishi halafu uisome upya kabla hujapandisha maana inakosea, hasa kwenye majedwali na fomula.

Na vichwa vya habari jamani! Kukoleza wino na kuongeza saizi haitoshi, viweke kwa ile menyu ya vichwa kwenye Word, maana asiyeona anabonyeza herufi H anaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, bila hivyo notsi za kurasa 60 anazisikiliza toka mwanzo akitafuta aya moja. Picha na grafu nazo ziandikie maelezo, yaani useme grafu inaonyesha nini, sio “picha ya 3”.

Dhana: vifaa vyao ni ghali, chuo hakina hela.

Kuna programu inaitwa NVDA, inasoma skrini ya Windows na ni bure kabisa. Aliianzisha kijana wa Australia, Michael Curran, mwaka 2006, na rafiki yake James Teh akajiunga naye, wote hawaoni, kwa sababu programu zilizokuwepo zilikuwa bei mbaya. Kwenye simu za Android kuna TalkBack inayofanya kazi hiyo hiyo, nayo bure. Gharama kubwa inakuja ukisubiri. Chuo cha Berkeley kule California mwaka 2017 kilizifungia umma video na sauti zaidi ya 20,000, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kusema watu wenye ulemavu hawawezi kuzitumia na chuo kikaona kuzirekebisha ni gharama. Wakakosa wote, wenye ulemavu na wasio nao.

Dhana: kiziwi si anasoma slaidi tu?

Slaidi ina mistari mitano, somo lenyewe liko mdomoni kwako. Video inahitaji maandishi ya yale unayosema, na yale ya kujitengeneza yenyewe lazima uyapitie, maana sisi tunachanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye sentensi moja na mashine inapotea hapo hapo. Ila hata maandishi hayamalizi kazi, viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni ya alama, yenye sarufi yake, kwa hiyo mkalimani bado anahitajika na aonekane vizuri kwenye video, sio kidirisha cha pembeni ambacho mikono haionekani.

Dhana: darasani kwangu hakuna mwenye ulemavu.

Umejuaje? Wengi hawasemi. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, anakuza maandishi mpaka yanajaa skrini, wewe umeweka kijivu juu ya nyeupe. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ile ya kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma vitofautiane mwangaza angalau 4.5 kwa 1, na vipimio vya bure vipo mtandaoni.

Dhana: kumuongezea muda kwenye kwizi ni upendeleo.

Kusikiliza swali na majibu manne, kurudi nyuma, kusikiliza tena, hiyo haiwezi kulingana na kutupa jicho. Moodle inakuruhusu kumwekea mwanafunzi mmoja muda wake bila kugusa wengine. Na sio hisani ya mhadhiri mwenye roho nzuri, Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania 2009 halafu ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu 2010. Kwa hiyo muda huo uwekwe kabla kwizi haijafunguliwa, sio mwanafunzi aanze kukuandikia barua pepe huku saa inahesabu.